Kumfundisha farasi mchanga michezo midogo bila kumdhuru wala kudhurika

Mtoto wa farasi huzaliwa akiwa na uzito unaokaribia kilo 50, na anapotimiza mwaka mmoja huwa tayari amefikia sehemu kubwa ya kimo chake pamoja na zaidi ya nusu ya uzito atakaokuwa nao akikomaa, ambao kwa farasi wa kawaida wa kupandwa ni kati ya kilo 450 na 550. Mabadiliko hayo hutokea haraka kuliko mazoea ya wanaomtunza. Farasi hasahau kwa urahisi kitendo kilichompatia chakula, wala hana namna ya kujua kwamba kile kilichowachekesha watu alipokuwa mdogo kimekuwa hatari sasa. Ndiyo maana kabla ya kuchagua mchezo wowote, mwalimu anapaswa kujiuliza swali moja: je, ningekubali farasi huyu afanye jambo hili bila kuombwa, akiwa na kilo 500, mbele ya mtu asiyemjua?

Maneno "bila kuombwa" ndiyo yenye uzito katika swali hilo. Mchezo uliofundishwa kwa chakula haubaki umefungiwa ndani ya somo, kwani farasi mwenye njaa, mwenye hamu au aliyechoka kusubiri huanza kuutoa mwenyewe, akitumaini kulipwa.

Michezo ya kuacha na michezo ya kuahirisha

Swali hilo likijibiwa kwa ukweli, michezo kadhaa inayopendwa sana hutoka kwenye orodha mara moja. Kumfundisha mtoto wa farasi kuweka miguu ya mbele mabegani mwa mtu, au kusimama kwa miguu ya nyuma, ni kumpa silaha ambayo ataitumia siku atakapokasirika au kuchangamka kupita kiasi. "Kutoa mkono", yaani kuinua mguu wa mbele akiona mkono wa mtu, huonekana ni jambo jepesi, lakini baada ya muda mfupi farasi huanza kuchapa ardhi kwa ukwato akidai chakula, na goti la mtu ndilo huwa karibu zaidi. Kubusu nako nakukataa bila kusita, kwa kuwa mdomo uliofundishwa kutafuta shavu hauko mbali na meno, na farasi mchanga wa kiume hupenda kuuma hata bila kuhimizwa. Mtu aliyemzoeza farasi kumsukuma kwa kichwa kama ishara ya upendo hana haki ya kulalamika akisukumwa hadi ukutani.

Kundi la pili ni la michezo ambayo si mibaya yenyewe, ila wakati wake haujafika. Kuinama kwa goti moja, kulala kwa amri, na kutembea kwa kuinua miguu ya mbele juu na kuinyoosha huweka mzigo mkubwa kwenye viungo. Mifupa ya farasi hurefuka kupitia sehemu laini zilizo karibu na ncha zake, na sehemu hizo hazikomai zote kwa wakati mmoja. Zile za chini ya mguu hukomaa mapema, zile zilizo juu ya goti la mbele huendelea hadi karibu miaka miwili au miwili na nusu, na zile za uti wa mgongo huchelewa kuliko zote, mara nyingi hadi mwaka wa tano au baadaye. Farasi anayeonekana mrefu na mwenye misuli kwa nje anaweza bado kuwa mchanga sana kwa ndani, na kimo chake si kipimo cha kutegemea.

Michezo inayobaki ni ile isiyomlazimu kubeba, kuruka wala kujikunja: kusimama kwa utulivu akiangalia mbele, kugusa kitu kwa pua na kukifuata, kushusha kichwa, kusimama juu ya mkeka, na kurudi nyuma hatua chache. Huenda ikaonekana michache. Hata hivyo, farasi anayeifanya yote mitano kwa ishara ndogo, bila kamba, huwavutia watazamaji kuliko yule anayepiga magoti huku masikio yameelekea nyuma, na zaidi ya hapo michezo hii humrahisishia kazi daktari wa mifugo, mtu wa kutengeneza kwato na yeyote atakayempanda baadaye.

Wakati wa kuanza

Watoto wa farasi wanaofugwa huachishwa maziwa kwa kawaida wakiwa na miezi minne hadi sita, nao hupitia kipindi cha wasiwasi ambacho si cha kuongezewa masomo. Katika miezi hiyo inatosha kumzoesha kuguswa mwili mzima, kuvaa hatamu nyepesi isiyo na lijamu, kuongozwa hatua chache na kuinuliwa kwato moja moja. Masomo ya michezo kwa kutumia chakula ni bora yasubiri hadi awe na umri wa karibu mwaka mmoja, na hata hapo yaanze tu ikiwa tayari anasimama anapoambiwa na haparamii watu. Muda wa dakika tano hadi kumi unatosha kwa siku, na kwa aliye mdogo zaidi hata dakika tatu si chache, kwa sababu akili yake huchoka kabla ya miguu.

Farasi aliyefiwa na mama na kunyonyeshwa kwa chupa anahitaji tahadhari ya pekee. Mara nyingi hukua bila kupata adabu ambazo angefundishwa na farasi wakubwa, na humwona mtu kama mwenzake wa kuchezea na wakati huohuo kama chombo cha chakula. Kwa huyo, kukaa na farasi wakubwa wenye tabia njema kuje kwanza, na michezo ifuate baadaye sana.

Mahali, vifaa na chakula

Eneo la kufundishia liwe na uzio imara usio na waya uliochomoza, ardhi isiyoteleza, na nafasi ya kumwezesha farasi kuondoka akitaka. Wasiwepo farasi wengine ndani, kwa kuwa chakula mkononi huzua ugomvi na mtu hujikuta katikati ya mateke yasiyomlenga yeye. Hata hivyo, mwenzake mmoja awe anaonekana ng'ambo ya uzio, maana farasi mchanga aliyetengwa kabisa na wenzake hutumia muda wote kulia na kuzunguka.

Mwalimu avae viatu vigumu vinavyofunika vidole, glavu, na kofia ngumu ya wapanda farasi. Watu wengi huivaa kofia hiyo wanapopanda tu, ilhali kichwa cha mtu aliyesimama chini kiko karibu na kwato na paji la farasi kuliko kinavyokuwa juu ya tandiko. Kamba ya kuongozea iwe na urefu wa mita tatu hivi, ishikwe kwa mikunjo iliyolala juu ya kiganja, na kamwe isizungushwe mkononi wala kiunoni, kwa sababu farasi akishtuka kamba iliyozungushwa hubana vidole au kumburuta mtu. Baada ya somo hatamu ivuliwe, ili asije akainasa kwenye tawi au mlango akiwa peke yake.

Chakula cha tuzo kiwe kidogo kama ncha ya kidole gumba, na kikae katika mfuko wa kiunoni unaofungika, si mfukoni mwa suruali. Karoti ikatwe vipande vyembamba kwa urefu, kwani vipande vya mviringo vinaweza kuziba umio, na farasi hana uwezo wa kutapika. Akianza kunyoosha shingo, kukohoa na kutoa mate yenye chakula puani, ondoa kila kinachoweza kuliwa na umwite daktari wa mifugo bila kuchelewa. Kwa anayeshika adabu upesi, hata majani makavu ya chakula chake cha kila siku yanatosha, tena yana faida ya kutomtia wazimu wa utamu. Kiasi kinachotumika katika somo kipunguzwe kwenye mlo wake.

Inafaa pia kufahamu anachokiona. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma yake moja kwa moja na sehemu ndogo iliyo mbele ya paji na chini ya pua. Kitu kinachofika ghafla katika sehemu hizo kutoka mahali asipopaona kinaweza kumfanya arushe kichwa au teke kabla ya kufikiri. Simama karibu na bega lake, ukielekea mbele kidogo, na uongee naye kabla ya kusogea. Usipige magoti wala kuketi chini kando yake, kwa kuwa kutoka hapo huwezi kuondoka upesi.

Somo la kwanza: kusimama akiangalia mbele

Somo hili halina mbwembwe, na kwa sababu hiyo wengi huliruka. Hata hivyo, ndilo linaloamua kama farasi atakuwa mwanafunzi au mwizi wa mifuko, kwa hiyo litumie siku nyingi kadiri linavyohitaji kabla ya kufikiria jingine.

Kwanza chagua mlio wa alama, yaani sauti fupi itakayomwambia farasi kwamba alichofanya sasa hivi ndicho kilicholipwa. Unaweza kutumia mlio wa ulimi au neno moja fupi usilolitumia mahali pengine. Mlio utangulie, kisha ndipo mkono uelekee kwenye mfuko. Vikitokea pamoja, farasi huacha kusikiliza na kuanza kuchunga mkono, na mlio hupoteza kazi yake.

Mwanzoni farasi awe ndani ya uzio na mwalimu awe nje. Simama sambamba na bega lake ukiwa na mfuko kiunoni. Atanusa, atasukuma, pengine atavuta nguo kwa midomo. Sogea nyuma kiasi cha kutofikiwa na meno, kisha tulia bila kusema neno, bila kumpiga na bila kumsukuma uso. Mara tu atakapogeuza kichwa pembeni, hata kwa upana wa vidole viwili na hata kama ni kwa sababu ndege amepita, toa mlio wa alama, kisha nyoosha mkono na umpe chakula kwenye kiganja kilichofunguka, mahali ambapo pua yake ingekuwa kama angesimama akiangalia mbele. Chakula kimfuate pale alipopaswa kuwa, asikifuate yeye kwenye mwili wa mtu. Ikiwa ana tabia ya kubana vidole, tumia ndoo ndogo ya kina kifupi badala ya kiganja.

Baada ya marudio machache utamwona akigeuza uso kwa makusudi na kusubiri. Hapo anza kuchelewesha mlio kidogo kidogo, sekunde moja, kisha mbili, kisha tano, ukirudi kwenye muda mfupi kila anapokosea mara mbili mfululizo. Farasi ambaye tayari alizoeshwa kulishwa ovyo kwa mkono atakuwa mkali zaidi kabla ya kubadilika, kwa kuwa kiumbe yeyote ambaye njia yake ya zamani imeacha kuzaa matunda huijaribu kwanza kwa nguvu zaidi. Uzio umewekwa kwa ajili ya siku hizo. Mtu anayekata tamaa na kumpa chakula katikati ya usumbufu huo humfundisha kwamba kusukuma kwa dakika kumi ndiyo bei mpya.

Suala la kumpiga kofi la mdomo linahitaji kusemwa wazi, kwa kuwa ndilo ushauri unaotolewa haraka na watu wengi. Kwa farasi mchanga, hasa dume, kofi hilo mara nyingi hugeuka mchezo wa kuuma na kukwepa, mchezo ambao yeye ana kasi kuliko mtu, na kwa aliye mwoga huzaa kichwa kinachoruka juu kila mkono unapoinuka. Kuondoka pamoja na mfuko wa chakula humwumiza zaidi, tena bila kumgusa.

Kugusa na kufuata shabaha

Tafuta fimbo nyepesi ya urefu wa mita moja na ufunge mpira mdogo au chupa tupu ya plastiki kwenye ncha yake; hiyo ndiyo shabaha. Rangi iwe ya buluu, njano au nyeupe, kwa kuwa farasi hutofautisha vizuri buluu na njano, lakini nyekundu na kijani humchanganya, na shabaha nyekundu juu ya nyasi humpotea. Iweke umbali wa shubiri moja kutoka puani, upande kidogo, na usimsogezee usoni. Udadisi utamfanya ainuse. Pua ikigusa, toa mlio na umlipe. Kama hataki kuigusa, lipa kuitazama, kisha kuielekea. Kama anaitafuna, toa mlio mapema zaidi, kabla midomo haijafunguka.

Akishaelewa, peleka shabaha kulia, kushoto na chini, kisha mbali kiasi cha kumlazimu apige hatua moja, halafu tatu. Rudia kila kitu upande wa pili wa mwili wake kana kwamba hajawahi kufundishwa, kwa sababu alichojifunza akikuona kwa jicho la kushoto mara nyingi huonekana kigeni akikuona kwa la kulia. Kushusha kichwa huzaliwa hapa hapa: shabaha hushushwa taratibu hadi karibu na ardhi, na baadaye mkono unaoelekezwa chini huchukua nafasi yake. Angalia tu usiiname juu ya kichwa chake, kwani akishtuka kichwa hicho kitapanda moja kwa moja kwenye kidevu chako.

Mkeka na kurudi nyuma

Mkeka mzito wa mpira, usio na kingo zilizojikunja, hutosha kwa mchezo wa kusimama mahali pamoja. Mwongoze kwa shabaha hadi miguu ya mbele iukanyage, na utoe mlio ukwato unapotua na kutulia. Wengine huanza kuuchapa mkeka kwa mguu, na kwa kuwa jambo hilo huchekesha, mwalimu hujikuta amelilipa. Ukilipa kuchapa mara mbili tu, utakuwa umefundisha mchezo ambao hukuukusudia. Jukwaa dogo la mbao liachwe hadi awe na angalau miaka miwili, nalo liwe pana, lisizidi sentimita 20 kwa kimo, lenye uso usioteleza na pande zilizozibwa ili ukwato usiingie chini yake.

Kurudi nyuma hufundishwa kwa kupeleka shabaha taratibu kuelekea kifua chake, hadi atakapolazimika kukunja shingo na kusogeza mguu mmoja nyuma. Lipa hatua hiyo moja. Mbili au tatu kwa wakati zinatosha, kwa kuwa kurudi nyuma hulemea viungo vya miguu ya nyuma.

Ishara, na kile ambacho mwili wa mwalimu husema

Neno la amri liongezwe tu pale ambapo kitendo tayari kinatokea bila kusitasita. Litamkwe mara moja, nukta moja kabla ya kitendo, na baada ya siku kadhaa kitendo kisichoombwa kiache kulipwa kabisa. Hatua hii ya mwisho ndiyo inayozuia farasi kutoa michezo yake ovyo, na ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 mjini Berlin, mwalimu Wilhelm von Osten alimwonyesha hadharani farasi wake Hans, aliyesemekana kujua hesabu kwa kugonga ukwato. Uchunguzi wa Oskar Pfungst, uliofanyika mwaka 1907, ulibainisha kwamba Hans hakuwa akihesabu. Alikuwa akisoma mijongeo midogo mno ya kichwa na mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anaifanya. Kila mwalimu wa farasi ana mijongeo kama hiyo. Jirekodi kwa simu ukifundisha, kisha utazame kama bega lako hutangulia neno lako, kwa sababu farasi wako huenda anatii bega.

Uwezo huo wa kusoma mwili unapaswa kuwa wa pande mbili. Masikio yaliyobanwa nyuma, mkia unaochapa pasipo nzi, mdomo uliokazwa, weupe wa jicho kuonekana na kichwa kuinuka ni dalili kwamba somo limezidi uwezo wake, na mwenye busara husimama hapo, huomba jambo dogo analolijua, hulipa na kumaliza. Kuna ishara moja ambayo wageni huielewa vibaya: farasi mchanga anaponyoosha shingo na kufunguafungua mdomo huku meno yakionekana, kwa kawaida hatishii kuuma, bali anaonyesha unyenyekevu kama anavyofanya mbele ya farasi wakubwa. Kumwadhibu kwa hilo ni kumwonea.

Farasi aliyekuwa akifanya mchezo vizuri kisha akakataa ghafla anahitaji kuchunguzwa mwili kabla ya kuitwa mkaidi. Kati ya miaka miwili na nusu na karibu mitano hung'oa meno yake ya utoto na kuota mapya, na kinywa kinachouma hakipendi shabaha wala karoti.

Kila somo limalizike kwa namna ileile: onyesha viganja vitupu, tawanya majani kidogo chini mbali na wewe, kisha utoke akiwa anakula, ili asikufuate hadi mlangoni akidai zaidi. Ishara zote ziandikwe na kubandikwa kwenye mlango wa banda, pamoja na katazo la kumlisha kwa mkono nje ya masomo, ili kila anayemhudumia atumie maneno yaleyale. Watoto wabaki nje ya uzio hata kama farasi ni mpole, na mtu mzima anayetaka kumjaribu aanze kwa kusimama sambamba na bega, asubiri uso ugeuke mbele, kisha ndipo aombe mchezo.